Wimbo Bila Kinanda

"Joho la Chiriku silimalizi."

Mama alisema hivyo pini zikiwa zimebanwa midomoni, macho yakiwa bado kwenye cherehani. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, alidhani hakusikia vizuri. Sauti ya mama yake haikuwa rahisi kuisikia. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka usingizini sasa hivi, na Kinyozi hakuwahi kumjua na sauti nyingine.

"Unasemaje, mama?"

"Umenisikia." Alitoa pini moja, akaichomeka kwenye kola nyeupe. "Ya wenzake yote yale pale, yamepigwa pasi. La kwake halina upindo, na halitakuwa nao. Kesho akae chini na wasikilizaji."

"Mama, kesho ndiyo tamasha la mwisho!"

"Najua."

"Mwalimu wa chuo cha muziki anakuja kuchagua sauti moja. Kanisa zima linajua atachaguliwa nani. Wewe mwenyewe unajua."

"Nimesema najua."

Tangu mwaka uanze, kila mwezi kanisa lao lilikuwa likiandaa tamasha la kwaya za vijana, ili wale wenye vipaji wapate pa kusikika. Kinyozi alikuwa akinyoa vichwa siku za kazi na kupiga kinanda siku za ibada, na matamasha hayo ndiyo yaliyomkutanisha na Chiriku. Alikuja kutoka kwaya ya mtaa wa pili, msichana mwembamba mwenye kucheka kwa sauti hadi watu wa barabarani wageuke. Jina hilo alipewa na wanakwaya wenzake siku ya kwanza tu alipofungua kinywa, na halikumtoka tena.

"Umemchukia," Kinyozi alisema taratibu. "Tangu siku nilipokuambia nataka kupeleka posa."

"Nimchukie kwa lipi? Juzi nimempima mwenyewe, amesimama hapo hapo uliposimama wewe. Nimemshika shingo kwa mikono hii..."

Akaivuta kola karibu na sindano.

"Ukamshika shingo, halafu?"

Mama alikanyaga cherehani. Sindano ilikimbia juu ya kitambaa, tik-tik-tik, hadi mwisho wa meza. Kinyozi alitazama na kuona haikuwa na uzi.

"Mama!"

"Kamuulize mwenyewe. Nimempa neno langu kwamba sitasema, na mimi neno langu silirudishi." Aligeuka, akamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ila wewe ni mwanangu, kwa hiyo nitakuambia hili tu. Asiimbe kesho. Na kama ataimba, usimwache peke yake. Umenielewa, baba? Liwe liwalo, usimwache peke yake pale mbele."

Kinyozi alisikia yale aliyokuwa amejiandaa kuyasikia, kwamba mama hamtaki mkwe. Alilivuta lile joho kutoka kwenye cherehani, pini na yote, akatoka nalo bila kuaga.

Siku nzima alishona upindo kibandani kwake, kati ya mteja na mteja. Vidole vyake vilizoea mashine ya kunyolea na funguo za kinanda. Sindano ilimchoma hadi akachoka kuhesabu maumivu.

"Fundi," mteja mmoja alimtania, kichwa nusu kimenyolewa, "siku hizi unanyoa na nguo?"

Wote walicheka. Kinyozi naye alicheka, lakini moyo haukuwa pale. Maneno ya mama yalikuwa yamefungua mlango fulani, na vitu alivyokuwa amevisukuma nyuma yake vilikuwa vinatoka kimoja kimoja. Siku hizi Chiriku hapigi simu, anaandika ujumbe. Siku hizi anakwepa mazoezi, anasema kazi zimembana. Na jioni ile alipomwegemea begani, Kinyozi alisikia mluzi mwembamba ndani ya pumzi yake, kama upepo unaopita chini ya mlango.

"Ni nini hicho?" alimuuliza.

"Mafua tu," akajibiwa. Akaridhika. Mtu anayependa huridhishwa na kidogo.

*

Jumapili mchana kanisa lilikuwa limefurika hadi kwenye ngazi. Kinyozi alipita mlango wa nyuma, joho mkononi, akaingia chumba cha majoho. Chiriku alikuwa peke yake kwenye benchi, amejifunga skafu shingoni na joto lote lile, chupa ya maji ya moto miguuni. Wenzake walikuwa nje wakipasha sauti. Yeye hakuwa akipasha chochote.

Alipomwona Kinyozi, uso wake uliwaka. Akapokea joho, akaligeuza upindo juu, akalikagua kwa makini.

"Huu umeshona wewe."

"Umejuaje?"

"Mama yako akishona hivi, wateja watamfungulia kesi."

Alisema kwa mnong'ono. Kisha akacheka. Mabega yalitikisika, kinywa kikafunguka, meno yakaonekana, na Kinyozi akalisubiri lile cheko lake. Halikuja. Hakikutoka kitu. Chiriku aliona jinsi anavyotazamwa, akafunga kinywa haraka.

Kinyozi alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi.

"Mama yangu alikushika shingo akagundua nini?"

Chiriku alitazama mlango. "Amekuambia?"

"Amekataa kuniambia. Ndiyo maana naogopa."

Alikaza skafu shingoni. Nje, sauti za vijana zilipanda ngazi ya nota na kushuka, zikapanda na kushuka.

"Nina uvimbe," alisema mwishowe. "Huku ndani, kwenye nyuzi za sauti. Daktari aliingiza mpira wenye taa, akaniita niuone kwenye kioo cha mashine. Mdogo tu, kama punje ya mahindi. Unakaa pale kama umelipa kodi."

Alijaribu kutabasamu. Kinyozi hakutabasamu.

"Jumatano wanautoa."

"Halafu?"

"Halafu alisema mambo mengi. Mimi nilisikia moja tu, kwamba huenda nisiimbe tena." Alimeza mate, na kumeza kwenyewe kulimfanya akunje uso. "Mama yako hakuhitaji mpira wala taa. Alinigusa hapa kwa utepe wake wa kupimia, akanisikiliza navyopumua, akakaa chini. Akaniambia na yeye aliimba. Humu humu. Aliugua hivi hivi, akaimba juu ya maumivu, hadi siku sauti ilipokatika."

"Mama yangu? Aimbe?"

"Hukujua?"

Hakujua. Miaka yote ameishi na ile sauti ya kukwaruza, akaizoea kama mlango wa nyumbani unaolia, na hakuwahi kujiuliza ilikuwaje kabla. Aliona aibu. Juu ya aibu ikaja hofu, na ile hofu ilikuwa na miguu mirefu. Ilimpita, ikatangulia mbele, ikasimama pale altareni inamsubiri.

"Basi leo huimbi," alisema.

"Naimba."

"Chiriku!"

"Nisikilize kwanza, mpenzi wangu. Nimeshafikiria." Alimvuta karibu, midomo ikawa sikioni mwake, pumzi ikipiga ule mluzi. "Nishushie wimbo. Ukianza chini, hatua mbili tatu, sitalazimika kufika kule juu. Nitaimba taratibu, nusu sauti, na wewe utanifunika kwa kinanda. Daktari mwenyewe alisema, nikishindwa kujizuia kabisa, basi iwe sauti ya kumbembelezea mtoto. Hakuna atakayejua. Yule mwalimu atanisikia mara moja, nikiwa bado nina cha kusikiwa. Mara moja tu. Baada ya hapo wakate watakavyo."

"Na ikikatika katikati?"

"Itakatika ukiwa nami."

Kinyozi alisimama. Alitembea hadi dirishani, akarudi. Kifuani alikuwa na kitu kama hasira, ila hakujua kimwelekee nani.

"Sipigi," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Sipigi. Bila kinanda huwezi kuimba, utarudi ukae. Watu watasema mpiga kinanda kichaa, kaharibu tamasha. Waseme! Nitabeba mimi. Jumatano nitakupeleka hospitali kwa mikono yangu."

"Umeshanipangia."

"Nakupenda."

"Hilo sikukuuliza." Macho yake yalijaa, lakini hayakumwaga. "Nimekuomba unipigie. Kitu kimoja. Sijawahi kukuomba kingine."

Mlango uligongwa, kichwa cha mwalimu wa kwaya kikachungulia, kipara kinang'aa kwa jasho. "Nyie wawili, mtaoana baadaye! Mgeni ameshakaa. Kinyozi, kwenye kinanda. Binti yangu, wewe ni wa mwisho."

Chiriku alifungua skafu, akavaa joho. Upindo ulikuwa umepinda upande mmoja. Alipopita mbele ya Kinyozi alisimama, akamrekebisha kola ya shati kama alivyozoea kufanya kila Jumapili.

"Nikisimama pale nitakutazama," alinong'ona. "Utapiga. Nakujua."

*

Kinyozi aliwapigia wengine wote. Alimpigia kijana wa sauti ya besi aliyesahau ubeti akarudia wa kwanza, akawapigia dada wawili mapacha walioimba kama mtu mmoja. Makofi yalipigwa. Mgeni kutoka chuo, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa safu ya mbele mikono mapajani, akitabasamu kwa adabu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Kinyozi aliona kitambaa cha kichwa anachokifahamu. Mama yake alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama, ingawa viti vilikuwepo.

Kisha mwalimu wa kwaya alitaja wimbo wa mwisho, na kanisa likanyamaza hata kabla Chiriku hajafika mbele.

Alisimama. Akamtazama Kinyozi, akaitikia kidogo kwa kichwa: tayari.

Kinyozi aliweka mikono juu ya magoti.

Mwanzoni watu walidhani anajiandaa. Mtu akakohoa. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena, macho yamemtoka. "Kinyozi," alisema bila sauti. Kinyozi hakugeuka. Alikuwa akimtazama Chiriku, akimwambia kwa macho: nenda kakae, tafadhali, mpenzi, nenda kakae. Na yeye Chiriku alikuwa akimtazama, na usoni mwake kitu kilikuwa kinazimika polepole, jinsi chumba kinavyoingia giza wingu likipita.

Kisha aligeuza uso. Akawatazama watu. Akavuta pumzi.

Akaanza peke yake.

Nota ya kwanza ilipotoka, Kinyozi alitambua kosa. Chiriku alikuwa amechukua juu. Bila kinanda cha kumpa pa kuanzia, na kifua kimejaa uchungu, alikuwa ameukamata wimbo juu zaidi hata kuliko ulivyoandikwa. Kanisa zima lilisikia uzuri. Kinyozi peke yake, na labda mama yake kule mlangoni, walijua maana yake. Ubeti wa kwanza ulikuwa tambarare. Wa pili ulipanda. Wa tatu ulikuwa na ile nota moja ndefu ambayo hata siku za afya Chiriku aliiendea kwa tahadhari.

Mikono ya Kinyozi ilitoka magotini yenyewe. Ilielea juu ya funguo. Angeweza kuingia, amdake, amshushe. Lakini akiingia sasa atamvuruga, na akivurugika atasukuma zaidi. Asipoingia, anamtazama akitembea kuelekea ukingoni. Ubeti wa pili ukapita. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikiwa nzuri namna ile. Ilikuwa kubwa, ilijaza dari, ilijaza madirisha, maana ilibidi ifanye kazi ya wawili. Mgeni alikuwa ameondoa miwani.

Nyuma kule, mama aliziba kinywa kwa viganja vyote viwili.

Nota ndefu ilikuja. Chiriku aliipanda, akaifikia, akakaa juu yake. Mishipa ya shingo ilisimama. Kinyozi alifumba macho. Nota ilikaa, ikakaa, kisha ikashuka salama, neno baada ya neno, hadi mwisho wa wimbo, na kimya kikatanda.

Halafu watu wote wakasimama. Wengine walilia. Vijana wa kwaya walirukaruka, mwalimu wa kwaya alikuwa akifuta kipara na macho kwa leso moja, na mgeni alitembea mwenyewe hadi mbele, akamshika Chiriku mkono.

"Binti, umejifunza wapi?" aliuliza kwa furaha.

Chiriku alifungua kinywa kumjibu.

Midomo ilisogea. Mgeni aliinama, akidhani makofi yamemzuia kusikia. "Eti?" Chiriku alijaribu tena. Kisha akaweka mkono kooni, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo muda si mrefu. Mluzi ulikuwa umerudi, safari hii mkali, kila pumzi inaingia kwa shida kuliko iliyotangulia. Alimtafuta Kinyozi kwa macho, akamwona, akayumba.

Kinyozi alimfikia kabla hajagusa sakafu.

*

Daktari alitoka chumba cha uchunguzi asubuhi iliyofuata, glavu bado mkononi. Kwenye benchi la ukumbini walikuwepo Kinyozi na mama yake. Wazazi wa Chiriku walikuwa kwenye dirisha la mbali wakizungumza na muuguzi.

"Mshipa umepasuka pembeni ya uvimbe, damu imejaa mahali pembamba," daktari alisema. "Njia ya hewa inaziba. Hatuwezi kusubiri Jumatano, tunaingia sasa hivi."

"Sauti yake?" Kinyozi aliuliza.

"Kijana, kwanza nataka apumue." Alivua glavu moja, akatikisa kichwa. "Nilimwambia wazi. Angeimba chini, kwa upole, huenda pasingetokea chochote. Huyu amesukuma kwa nguvu zote alizonazo. Nani alimwachia?"

"Mimi," Kinyozi alisema.

Daktari alimtazama, akarudi ndani.

Mama hakusema "nilikuambia". Kinyozi alilisubiri, hata alilitamani, lakini mama alimwekea mkono mgongoni tu, akausugua kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto ana homa.

"Nilitaka kumwokoa, mama."

"Najua, mwanangu."

"Ungeniambia! Ungeniambia uliimba. Miaka yote hii!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikuwa na kitu, kikaondoka?" Alitazama viganja vyake. "Siku yangu mimi palikuwepo kinanda. Sauti ilipokatika, mpigaji aliendelea kupiga, watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Nilipata nafasi ya kwenda kulia nyuma bila kuonwa. Nilimpenda mtu yule kwa hilo."

"Alikuwa nani?"

"Baba yako."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Miguu ya haraka ilisikika ngazini. Mwalimu wa kwaya alikuja mbio, anahema, uso umejaa furaha asiyojua pa kuiweka mahali kama pale.

"Amechaguliwa!" alisema. "Mgeni kaniambia mwenyewe. Nafasi ni yake, hakuna mwingine. Yuko wapi nimwambie?" Alitazama nyuso zao, furaha ikamwisha moja kwa moja. "Jamani. Ni mbaya hivyo?"

Milango ilifunguka na kitanda cha magurudumu kikasukumwa nje.

Chiriku alikuwa macho. Kifuniko cha hewa kilimziba pua na mdomo, na juu yake macho yalionekana makubwa kuliko kawaida. Mama yake mzazi alimshika mguu kupitia shuka, akiomba kwa mnong'ono. Mama Kinyozi aliinama, akambusu kwenye paji la uso. Mkono wa Chiriku ulitoka chini ya shuka, ukamshika mkono, ukaubana kwa nguvu. Kinyozi naye aliunyoosha wake.

Chiriku aliuona. Hakuushika.

Kitanda kilianza kwenda. Kinyozi alitembea kando yake, mkono bado umenyooshwa kama wa mtu anayeomba.

"Nisamehe," alisema. "Umechaguliwa, Chiriku. Unasikia? Wamekuchagua wewe. Nilikosea. Nilidhani nikinyamaza utakaa. Nisamehe, tafadhali."

Chiriku alimsikiliza. Chozi moja lilitoka pembeni ya jicho, likashuka hadi sikioni, lakini uso haukubadilika. Kinyozi alikuwa amezoea kuusoma uso ule kama kitabu cha nyimbo, na leo hakuona hata nota moja anayoifahamu.

Walifika kwenye milango miwili ya kijani. Muuguzi aliweka mkono kifuani pa Kinyozi.

"Mwisho hapa, kaka. Ndugu wa karibu tu ndio wanasubiri mlangoni, wengine kule chini. Wewe ni nani wake?"

Jana asubuhi angejibu bila kufikiri. Sasa jibu halikuwa lake kulitoa. Alimtazama Chiriku. Muuguzi naye akamtazama Chiriku, na hata wale wanaosukuma kitanda wakasita.

Chiriku alikaa muda akimwangalia Kinyozi. Pumzi ilipiga mluzi ndani ya kifuniko, ikaingia, ikatoka, ikaingia. Kisha aliinua mkono kwa taabu, akanyoosha kidole. Hakikumwelekea yeye. Kilielekea kwenye kiti cha mbao kando ya mlango, kiti kimoja kilichochakaa, kisha kikashuka.

"Haya," muuguzi alisema. "Kaa hapo."

Kinyozi alikaa. Milango ya kijani ikafungwa, na juu yake taa nyekundu ikawaka.